Kutegemeka kwa Mabomba ya Gesi Asilia Yaliyoliwa na Kutu: Uhakiki wa Mbinu za Tathmini

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mbinu zinazotumika kutathmini kutegemeka kwa mabomba ya kusafirisha gesi asilia yaliyoliwa na kutu. Yanapitia kanuni tatu za kukadiria nguvu iliyobaki katika bomba, yaani B31G, B31G iliyorekebishwa na DNV-RP-F101, kisha yanachunguza namna kanuni hizo zinavyotumiwa katika hesabu za uwezekano. Hoja kuu ni kwamba udhaifu mkubwa wa tathmini hizi haumo katika kanuni zenyewe, bali katika taarifa zinazoingizwa humo: kina cha dosari, kasi ya kutu, na hali ya sehemu za bomba ambazo hazijakaguliwa. Hoja hiyo inajengwa kwa mfano wa hesabu uliotumia vipimo vya bomba lililopasuka karibu na Carlsbad, jimbo la New Mexico nchini Marekani, mwaka 2000. Makala yanapendekeza kwamba tathmini yoyote ya kutegemeka iambatane na maelezo ya wazi ya kilichopimwa, kilichokadiriwa na kisichojulikana.

1.0 Utangulizi

Alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2000, saa 11:26 kwa saa za huko, bomba la gesi asilia lenye kipenyo cha inchi 30, mali ya kampuni ya El Paso Natural Gas, lilipasuka kando ya mto Pecos, karibu na mji wa Carlsbad. Gesi iliyotoka ilishika moto na kuwaka kwa dakika 55. Watu 12 waliokuwa wamepiga kambi chini ya daraja lililobeba bomba kuvuka mto huo walipoteza maisha. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (NTSB), katika taarifa yake ya mwaka 2003, ilihitimisha kuwa ukuta wa bomba ulikuwa umepungua mno kutokana na kutu kali ya ndani, na kwamba mpango wa kampuni wa kudhibiti kutu ulishindwa kuizuia, kuigundua au kuidhibiti kutu hiyo. Taarifa hiyo ilitaja pia udhaifu wa ukaguzi uliofanywa na serikali kabla ya ajali.

Tukio hili linafaa kuwa mwanzo wa uhakiki huu kwa sababu moja mahususi. Mwaka 2000 wahandisi hawakukosa kanuni za kukadiria nguvu ya bomba lililoliwa na kutu. Kanuni ya B31G ilikuwa imechapishwa tangu mwaka 1984, toleo lake lililorekebishwa lilikuwapo tangu mwaka 1989, na DNV-RP-F101 ilikuwa imetolewa mwaka 1999. Hata hivyo, hakuna kanuni yoyote kati ya hizo ambayo ingeweza kutumika mahali bomba lilipopasukia, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba pale palikuwa na dosari ya kupimwa.

Swali linaloongoza makala haya, basi, ni hili: tathmini ya kutegemeka kwa bomba lililolika inatueleza nini hasa kuhusu bomba, na inatueleza nini kuhusu ujuzi wetu juu ya bomba hilo? Makala yanashikilia kwamba kazi nyingi katika uwanja huu hujibu sehemu ya kwanza ya swali kana kwamba sehemu ya pili imekwisha kujibiwa.

2.0 Kutegemeka na Kuaminika

Kabla ya kuingia katika kanuni, ni vema kufafanua istilahi. Waandishi wa Kiswahili wanaojadili uhandisi hutumia maneno kadhaa kwa dhana hii: uthabiti, uaminifu, kuaminika na kutegemeka. Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya hukaribiana, lakini hayalingani. Nguzo hutegemewa, ilhali shahidi huaminiwa. Tunapouliza kama nguzo inategemeka, tunauliza kama itabeba mzigo wake kwa muda tuliokusudia. Tunapouliza kama shahidi anaaminika, tunauliza kama maneno yake yanalingana na hali halisi.

Katika makala haya, kutegemeka kunatumika kwa maana ya kihandisi: uwezekano kwamba bomba litafanya kazi yake bila kuvuja wala kupasuka, katika hali zilizoainishwa na kwa kipindi kilichoainishwa. Kuaminika kunatumika kwa taarifa: vipimo vya ukaguzi, kumbukumbu za ujenzi na makadirio ya kasi ya kutu. Mgawanyo huu si wa kisarafi tu. Mtafiti anayeandika kuwa bomba lina uwezekano wa kupasuka wa 0.0001 kwa mwaka anadai mambo mawili kwa pamoja: kwamba bomba linategemeka, na kwamba taarifa zilizomfikisha katika namba hiyo zinaaminika. Dai la pili mara nyingi halitetewi, na wakati mwingine halitajwi.

3.0 Kanuni za Nguvu Iliyobaki

3.1 Asili na sifa za B31G

Kanuni ya B31G ilitokana na majaribio yaliyofanywa katika taasisi ya Battelle nchini Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, ambapo vipande vya mabomba yaliyolika vilijazwa shinikizo hadi vikapasuka. Wazo lake la msingi ni rahisi. Bomba zima hubeba shinikizo kwa kadiri ya nguvu ya chuma na unene wa ukuta, na kipenyo kikubwa hupunguza uwezo huo. Kutu inapokula sehemu ya ukuta, uwezo hupungua kulingana na kina na urefu wa sehemu iliyolika. Urefu una maana kwa sababu ukuta mwembamba hufura kuelekea nje unaposukumwa na gesi. Dosari fupi hushikiliwa na chuma kizima kinachoizunguka, lakini dosari ndefu hukosa msaada huo. Kigezo kinachowakilisha kufura huko huitwa kigezo cha Folias.

Sifa kubwa ya B31G ni kwamba inamtosha mhandisi aliyeko shambani. Kwa vipimo vichache, yaani kipenyo, unene, daraja la chuma, kina na urefu wa dosari, anaweza kuamua kama bomba liendelee na kazi, lipunguziwe shinikizo au likatwe. Katika dosari nyingi kanuni hukadiria nguvu ndogo kuliko iliyopo, na hivyo huegemea upande wa usalama.

Udhaifu wake unatokana na urahisi huohuo. Umbo la dosari huchukuliwa kuwa la bakuli lenye mkunjo wa parabola, ilhali kutu halisi haina umbo maalumu. Kanuni inazingatia shinikizo la ndani pekee, haizingatii bomba linalopindwa na udongo unaoporomoka au daraja linalotitia. Aidha, inakusudiwa chuma kinachonyumbuka kabla ya kupasuka, na haifai kwa nyufa.

3.2 Marekebisho ya mwaka 1989 na DNV-RP-F101

Kiefner na Vieth walirekebisha kanuni hiyo mwaka 1989 baada ya kuonekana kwamba tahadhari yake kupita kiasi ilisababisha mabomba mengi kukatwa bila sababu. Walibadilisha kiwango cha mkazo ambapo chuma huhesabiwa kushindwa, na kuchukua eneo lililolika kuwa asilimia 85 ya zao la kina na urefu. Kanuni hiyo iliyorekebishwa huandikwa hivi:

P = (2tσ ÷ D) × (1 − 0.85d/t) ÷ (1 − 0.85d/(tM))

ambapo P ni shinikizo la kupasua, D kipenyo, t unene wa ukuta, d kina cha dosari, M kigezo cha Folias, na σ ni nguvu ya chuma iliyoainishwa na daraja lake ikiongezwa megapaskali 69.

DNV-RP-F101, iliyotokana na ushirikiano wa DNV ya Norwei na BG Technology ya Uingereza, ilipiga hatua ambayo kwa mtazamo wa makala haya ni muhimu kuliko mabadiliko yoyote ya umbo la kanuni. Iliufanya usahihi wa kifaa cha ukaguzi kuwa sehemu ya hesabu yenyewe. Mhandisi aliyetumia kifaa chenye makosa makubwa hulazimika kutumia akiba kubwa zaidi ya usalama kuliko aliyetumia kifaa sahihi. Mwongozo huo pia uliweka viwango vya uwezekano wa kushindwa kwa mwaka kulingana na daraja la usalama: chini ya 0.001 kwa daraja la chini, chini ya 0.0001 kwa daraja la kawaida, na chini ya 0.00001 kwa daraja la juu. Kwa njia hiyo swali la kuaminika kwa taarifa liliingizwa ndani ya swali la kutegemeka kwa bomba. Hata hivyo, liliingizwa kwa dosari zilizoonekana tu. Dosari ambayo kifaa hakikuiona, au iliyomo katika sehemu ambayo kifaa hakikupita, inabaki nje ya hesabu.

4.0 Kutoka Kanuni hadi Uwezekano

4.1 Mfano wa hesabu

Tathmini ya kutegemeka huchukua kanuni kama hizi na kubadilisha vigezo vyake kutoka namba moja moja kuwa vigezo vyenye mtawanyiko. Kina hakiwi tena milimita 4 kamili, bali huwa karibu na milimita 4, pamoja na kadirio la ukubwa wa kosa. Kisha hutafutwa uwezekano kwamba shinikizo la kupasua litakuwa dogo kuliko shinikizo la kazi. Hesabu hiyo inaweza kufanywa kwa mbinu ya Monte Carlo, ambayo hurudia hesabu mara maelfu kwa thamani zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, au kwa mbinu za ukadiriaji zinazofupisha kazi hiyo. Sehemu kubwa ya maandishi katika uwanja huu hushughulikia ulinganisho wa mbinu hizi: ipi ni ya haraka zaidi, na ipi hutoa jibu linalokaribiana zaidi na jibu kamili.

Ili kupima kama huko ndiko tatizo liliko, mwandishi wa makala haya alifanya hesabu kwa vipimo vya bomba la Carlsbad: kipenyo milimita 762, unene wa ukuta milimita 8.5, chuma cha daraja X52, na shinikizo la juu lililoruhusiwa la megapaskali 5.77. Siku ya ajali shinikizo lilikuwa karibu megapaskali 4.65. Dosari iliyotumika katika hesabu ni ya kubuni: ina urefu wa sentimita 30, na kifaa cha ukaguzi kimeripoti kina cha asilimia 50 ya ukuta. Usahihi wa kifaa umechukuliwa kuwa ule unaotajwa kwa kawaida kwa vifaa vya uga wa sumaku, yaani kosa lisilozidi asilimia 10 ya unene katika vipimo 80 kati ya 100. Hii ni sawa na mchepuko sanifu wa takriban asilimia 7.8.

Kwa kanuni iliyorekebishwa, dosari yenye kina cha asilimia 50 hupasuka katika shinikizo la takriban megapaskali 6.4. Kwa hesabu ya namba moja moja, bomba liko salama. Ili lipasuke kwa shinikizo la siku ile ya ajali, kina kingepaswa kufikia asilimia 72. Ili lipasuke kwa shinikizo la juu lililoruhusiwa, asilimia 58 zingetosha. Tofauti kati ya asilimia 50 na 58 katika ukuta huu ni milimita 0.7 tu.

Tukiingiza kosa la kifaa, uwezekano wa bomba kupasuka kwa megapaskali 4.65 ni takriban 0.0024. Kwa megapaskali 5.77 ni takriban 0.14. Bomba ni lilelile, dosari ni ileile na kifaa ni kilekile, lakini jibu la pili ni kubwa mara 60 kuliko la kwanza. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtafiti kuhusu shinikizo gani litumike. Kwa kuwa mwendeshaji ana ruhusa ya kupandisha shinikizo hadi kiwango cha juu siku yoyote, uamuzi huo unahitaji utetezi wa wazi. Katika hesabu hii hatujaingiza makosa ya kanuni yenyewe wala mtawanyiko wa nguvu ya chuma.

4.2 Kasi ya kutu

Kigezo kinacholeta utata mkubwa zaidi ni kasi ya kutu. Tuchukue dosari hiyohiyo na kuuliza hali yake baada ya miaka 5, kwa shinikizo la megapaskali 4.65. Ikiwa kutu inakula milimita 0.1 kwa mwaka, kina kitafikia wastani wa asilimia 56, na uwezekano wa kupasuka utakuwa takriban 0.02. Ikiwa inakula milimita 0.3 kwa mwaka, kina kitafikia wastani wa takriban asilimia 68, na uwezekano utakuwa 0.29. Kasi zote mbili zinakubalika kwa mhandisi anayefahamu mabomba yaliyofukiwa, na hakuna anayeweza kukataa mojawapo bila kipimo.

Njia ya kawaida ya kupata kasi ni kugawa kina kilichopimwa kwa umri wa bomba. Bomba la Carlsbad lilijengwa mwaka 1950, na kutu ilipofikia kina chake kikubwa zaidi ilikuwa imekula asilimia 72 ya ukuta, yaani takriban milimita 6.1. Tukigawa kwa miaka 50, tunapata milimita 0.12 kwa mwaka, kasi isiyomtisha mtu. Lakini mgawanyo huo unachukulia kwamba kutu ilianza siku bomba lilipofukiwa na ikaendelea kwa mwendo uleule. Kutu ya ndani haifuati utaratibu huo. Huanza pale maji yanapoingia na kutuama, na hubadilika kadiri gesi inayopitishwa inavyobadilika. Kama kutu hiyo ingekuwa imeanza katika miaka 10 ya mwisho pekee, kasi yake ingekuwa milimita 0.6 kwa mwaka. Wastani wa miaka 50 hauwezi kututofautishia hali hizi mbili, na ndiyo maana mtafiti anayetumia wastani huo anapaswa kueleza kuwa ni dhana, si kipimo.

4.3 Dosari nyingi na mkia wa mtawanyiko

Bomba halina dosari moja. Tuchukue mfano wa bomba lenye dosari 500, kila moja ikiwa na uwezekano wa kushindwa wa 0.001. Ikiwa dosari hizo hazihusiani kabisa, uwezekano kwamba angalau moja itashindwa ni takriban 0.39. Ikiwa zinahusiana kikamilifu, uwezekano unabaki 0.001. Ukweli uko katikati, kwa kuwa dosari zilizo katika bonde moja hunyweshwa maji yaleyale, na dosari zilizopimwa na kifaa kimoja hubeba kosa lilelile la kifaa. Tathmini nyingi huchagua mojawapo ya miisho hii kwa sababu ni rahisi kuhesabu, kisha jibu huandikwa bila kutaja upana wa nafasi iliyoachwa.

Tatizo lingine ni uchaguzi wa aina ya mtawanyiko. Uwezekano mdogo, kama 0.00001, hutoka katika mkia wa mtawanyiko, mahali ambapo karibu hakuna kipimo chochote. Mitawanyiko miwili inayolingana vizuri na data ileile katikati inaweza kutofautiana mara kumi au zaidi katika mkia. Hivyo, kuandika jibu la namna hiyo kwa tarakimu tatu au nne baada ya sifuri ni kuonesha usahihi ambao data haiubebi.

5.0 Kisichopimwa: Somo la Mto Pecos

Hadi hapa tumehakiki tathmini za dosari zinazojulikana. Mkasa wa Carlsbad unatupeleka mbali zaidi. Kwa mujibu wa taarifa ya NTSB, sehemu ya bomba iliyopasuka haikujengwa kwa namna iliyowezesha vifaa vya usafi au ukaguzi kupita ndani yake. Juu kidogo ya mahali hapo, kwa kufuata mwendo wa gesi, palikuwa na chombo cha kunasa vimiminika. Chombo hicho kilikuwa kimeziba kwa kiasi, hivyo sehemu ya vimiminika ilipita na kutuama penye mwinamo ambapo bomba lilikuja kupasuka. Maji, kaboni dayoksaidi, hidrojeni salfaidi, oksijeni, kloraidi na bakteria vilichangia kukila chuma kwa ndani. Kwa nje palikuwa hapana dalili ya hatari. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa kutu ya ndani msemo huo ni maelezo ya kitaalamu yasiyohitaji nyongeza.

Tujiulize sasa: mtafiti mwenye mbinu bora za Monte Carlo angefanya nini na bomba hilo mwezi Julai 2000? Angeomba orodha ya dosari, na angepewa orodha ya sehemu zilizokaguliwa. Sehemu ya mto Pecos isingekuwamo. Katika hesabu, sehemu isiyo na dosari iliyoripotiwa huwa na uwezekano mdogo kabisa wa kushindwa. Hivyo sehemu iliyokuwa hatari kuliko zote ingeonekana kuwa salama kuliko zote. Hapa ndipo kukosekana kwa taarifa kunapogeuka kuwa taarifa njema, na kosa hilo haliwezi kusahihishwa kwa kuongeza idadi ya marudio ya hesabu kutoka 10,000 hadi 1,000,000.

Mtetezi wa mbinu hizi anaweza kusema kwamba hilo ni kosa la mwendeshaji, si la mbinu. Utetezi huo una haki kwa kiasi. Hakuna mbinu inayoweza kulaumiwa kwa taarifa ambayo haikupewa. Lakini mbinu inaweza kulaumiwa kwa kutouliza. Mbinu nzuri ingemlazimisha mtumiaji kujaza, kwa kila sehemu ya bomba, tarehe ya mwisho ya ukaguzi na njia iliyotumika, na ingeipa sehemu isiyokaguliwa kutokuwa na hakika kukubwa zaidi, si kudogo zaidi. Sehemu za chini ambako vimiminika hutuama zinaweza kutambuliwa kwa ramani ya mwinuko wa bomba hata pale ambapo hakuna kifaa kilichopita. Taarifa ya namna hiyo inastahili kuingizwa katika hesabu.

6.0 Nani Anahesabiwa

Kutegemeka hupimwa kwa uwezekano, lakini kiwango kinachokubalika huamuliwa na athari. Kwa desturi ya Marekani, ukubwa wa akiba ya usalama ya bomba umetegemea idadi ya majengo ya watu yaliyo karibu nalo. Bomba la Carlsbad liliruhusiwa kufanya kazi kwa asilimia 72 ya nguvu iliyoainishwa ya chuma chake, ambacho ni kiwango cha maeneo yenye majengo machache sana. Ukingo wa mto una kambi, hauna majengo.

Baada ya ajali, Sheria ya Kuboresha Usalama wa Mabomba ya mwaka 2002 ilitaka waendeshaji wa mabomba ya gesi wawe na mipango ya kusimamia uzima wa mabomba katika maeneo yenye athari kubwa. Kanuni zilizofuata zilitambua pia maeneo ya wazi wanakokusanyika watu, kwa kipimo cha watu 20 au zaidi kwa angalau siku 50 katika miezi 12. Ni hatua ya maana, na inastahili kusifiwa. Lakini mhakiki hawezi kuacha kuona kwamba familia ya watu 12 iliyolala chini ya daraja kwa usiku mmoja haifikii kipimo hicho kwa hesabu yake pekee.

Kanuni inayotumika Marekani kukadiria eneo la hatari huzidisha 0.69 kwa kipenyo cha bomba kwa inchi na kwa kipeuo cha pili cha shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa pauni kwa inchi ya mraba, na jibu huwa futi. Kwa bomba la Carlsbad, lenye shinikizo la juu la pauni 837, jibu ni takriban mita 180 kila upande. Katika tathmini ya kutegemeka, mduara huo unapaswa kuchorwa kabla ya kuchagua kiwango cha uwezekano kinachokubalika, na swali la nani huingia ndani yake, kwa msimu gani, liulizwe kwa watu wa mahali hapo. Ramani ya majengo pekee haitoshi kulijibu.

7.0 Umuhimu kwa Mabomba ya Tanzania

Kwa msomaji wa Kiswahili mjadala huu si wa mbali. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004, na sehemu ya bomba hilo inapita chini ya bahari. Bomba la inchi 36 kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015, nalo linapita katika mikoa ya Mtwara, Lindi na Pwani hadi Dar es Salaam. Mabomba haya ni machanga yakilinganishwa na bomba la mwaka 1950, na gesi yake husafishwa na kuondolewa maji kabla ya kusafirishwa. Makala haya hayadai kwamba yana hatari mahususi.

Uchanga huo ndio unaofanya wakati huu uwe mzuri kwa utafiti. Kasi ya kutu inayohesabiwa kwa kulinganisha kaguzi mbili au tatu za bomba lilelile, zilizofanywa kwa vipindi vinavyojulikana, inaaminika zaidi kuliko ile inayokopwa kutoka katika udongo wa Texas au Alberta. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu bomba la pwani yetu akitumia kasi ya kutu iliyochukuliwa katika maandishi ya nchi nyingine atapata namba nzuri, lakini namba hiyo itakuwa ya bomba la nchi nyingine. Ukusanyaji wa taarifa za udongo, maji na kinga ya kathodi katika mkuza wa bomba unaweza kuwa mchango mkubwa zaidi kwa taaluma kuliko ulinganisho mwingine wa mbinu za hesabu.

Vilevile, watu wanaolima, kuchunga na kupita kando ya mkuza ni sehemu ya hesabu ya athari. Wao hujua pale ambapo mvua hufukua udongo na pale ambapo njia mpya imeanzishwa. Mtafiti anayeandika kwa lugha yao ana nafasi ya kuwauliza na ya kurejesha kwao matokeo.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonesha mambo matatu. Kwanza, kanuni za nguvu iliyobaki ni nzuri kwa kazi iliyokusudiwa, na tofauti kati yao si kubwa kama tofauti zinazoletwa na taarifa zinazoingizwa humo. Pili, katika mfano uliohesabiwa, uchaguzi wa shinikizo ulibadilisha jibu mara 60, na uchaguzi wa kasi ya kutu ulilibadilisha zaidi ya mara 10, bila kugusa mbinu ya hesabu. Tatu, sehemu isiyokaguliwa huonekana salama katika tathmini za kawaida, na mkasa wa Carlsbad unaonesha gharama ya kosa hilo.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza kwamba kila tasnifu au ripoti inayotoa uwezekano wa kushindwa kwa bomba iambatane na jedwali lenye safu tatu: vigezo vilivyopimwa katika bomba husika, vigezo vilivyokadiriwa au kukopwa, na sehemu za bomba zisizo na taarifa, pamoja na urefu wake kwa kilomita. Jibu litolewe kama masafa, kutoka dogo hadi kubwa, badala ya namba moja. Wasimamizi na watahini nao waulize kuhusu safu ya tatu kabla ya kuuliza kuhusu mbinu ya hesabu.

Mapendekezo haya hayahitaji programu mpya wala vifaa vya gharama. Yanahitaji mtafiti akubali kuandika, katika ukurasa uleule wenye jibu lake, kilomita ambazo jibu hilo haliwezi kuzisemea. Katika bomba la Carlsbad, watu 12 walikuwa wamelala ndani ya kilomita hizo.